Plau haifiki mwisho wa shamba: uzee unavyoanzia ndani ya seli

Baba mdogo alinipigia simu kutoka Kibaigwa saa mbili usiku. Baada ya shikamoo, marahaba na habari za mvua, akashusha sauti kama mtu asiyetaka kusikiwa na mke wake. "Mwanangu, si ndiye wewe unayesomea uzee huko Dodoma? Hebu niambie, hii telomea ni mdudu gani?"

Kumbe kuna kijana alipita sokoni na begi la mgongoni, kavaa shati jeupe na tai, akamuuzia kopo la vidonge kwa shilingi 120,000. Nikamwomba anisomee kilichoandikwa. Akatafuta miwani, akasoma polepole: dondoo halisi ya zabibu, hurefusha telomea, hurudisha ujana wa seli. Baba mdogo ana miaka 67, ana kisukari, na goti lake la kulia hulalamika kila akipanda juu ya magunia. Alikuwa ameshameza vidonge kumi na viwili na anangoja goti litoe taarifa.

Usiku ule sikumjibu vizuri, hasira zilinitangulia. Haya ninayoandika ndiyo majibu niliyopaswa kumpa, na nayaandika kwa sababu maswali yake nimeyasikia tena kwenye bajaji, kanisani na msibani. Nasoma shahada ya uzamivu, na eneo langu ni biolojia ya molekuli ya uzee, yaani yanayotokea ndani ya seli wakati mwili unazeeka. Nikilisema hilo mbele ya watu, wapo wanaodhani natafuta dawa ya kutokufa, na wapo wanaodhani nauguza vikongwe. Kuna na kundi la mashangazi, wao huuliza kama nitaolewa kabla sijazeeka mwenyewe.

Tuanze na maneno. Umri ni hesabu ya miaka tangu uzaliwe, na ukiwa na cheti hauna mjadala. Uzee ni jambo jingine: ni mwili kupungukiwa taratibu na uwezo wa kujirekebisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mstari huo una kazi yake kwenye dirisha la hospitali na kwenye barua ya kustaafu. Mwili hausomi sera. Sote tunamjua mtu wa miaka 75 anayepalilia ekari yake ya mtama na kurudi nyumbani kwa miguu, na tunamjua wa miaka 50 anayehema akivuka barabara. Kinachowatofautisha wawili hao ndicho tunachokitafuta maabara.

Kuna imani kwamba wahenga waliishi miaka mia bila kuumwa, na kuna imani ya upande wa pili, ya waliosoma takwimu nusu, kwamba zamani mtu akifika 45 alikuwa kikongwe. Zote zinayumba. Chukua watoto kumi. Watatu wanafariki kabla ya kutimiza mwaka, kwa surua au malaria, na saba wanafika miaka 70. Wastani wao ni miaka 49, na hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 49. Wastani wa umri wa kuishi ulipopanda duniani, kwa sehemu kubwa ulipandishwa na watoto waliopona. Ukomo wenyewe haujasogea sana. Aliyeishi kuliko wote kwa kumbukumbu zilizothibitishwa ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Sasa tuingie ndani. Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30. Zifikirie kama tofali za nyumba, ila tofali hizi ziko hai: zinakula, zinatoa uchafu, zinajirekebisha, na nyingi zinajigawa ili kuziba nafasi za zilizokufa. Ngozi ya kiganja chako inabadilishwa hivyo, na damu pia. Ndani ya karibu kila seli kuna vinasaba, maandishi ya kemia yenye herufi zipatazo bilioni 6, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, yakieleza namna ya kutengeneza kila protini ya mwili. Maandishi hayo yamekunjwa katika vifurushi 46 viitwavyo kromosomu. Seli inapojigawa, lazima inakili maandishi yote ili kila upande uondoke na nakala yake.

Hapo kwenye kunakili ndipo telomea inapoingia. Kila aliyewahi kushika plau nyuma ya ng'ombe anajua kwamba plau haifiki mwisho wa shamba. Ng'ombe wanahitaji pa kugeukia, kwa hiyo ukingoni hubaki ukanda usiolimwa. Mashine ya seli inayonakili vinasaba ina tabu hiyohiyo. Haiwezi kuanza hewani. Inahitaji kwanza pa kukanyagia, na pale ilipokanyaga kwenye ncha panabaki bila kunakiliwa. Sasa fikiria baba anamrithisha mwanawe ile sehemu iliyolimwa tu, naye mwana anafanya vivyo hivyo kwa mwanawe. Baada ya vizazi hamsini shamba limerudi nyuma hadi mlangoni.

Telomea ni ukanda wa ziada ulioko kwenye ncha za kila kromosomu ili hasara hiyo isifike kwenye mahindi. Haina maelekezo ya kutengeneza protini. Kwa binadamu ni herufi sita zilezile, TTAGGG, zikirudiwa mara mamia hadi maelfu. Ni ardhi iliyotengwa ipotee. Kila seli ikijigawa inapoteza kipande chake, na ukanda ukiisha seli inaacha kujigawa.

Kwamba seli zina ukomo ni habari mpya kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1912 Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alianza kuotesha seli za moyo wa kifaranga kwenye chupa, na zoezi likaendelea hadi 1946, miaka miwili baada ya yeye mwenyewe kufariki. Dunia ikaamini kwamba seli ikilishwa vizuri haifi. Ilikuwa hadi 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walipoonyesha kwamba seli za binadamu hujigawa kati ya mara 40 na 60 hivi, kisha zinasimama, hata ukizilisha nini. Nani alihesabu vibaya? Carrel, na wengi wanadhani chakula alichokuwa anaongeza kwenye chupa kilikuwa kinaingia na seli mpya. Somo la nusu karne lilikaa juu ya chupa iliyochanganyika.

Baba mdogo angeniuliza hapa: basi si mrefushe hiyo telomea yaishe? Inawezekana. Seli ina kifaa chake cha kurefusha, protini iitwayo telomerasi. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kufumbua jinsi telomea na kifaa hicho vinavyofanya kazi, na sehemu kubwa ya ugunduzi ilitoka kwa kiumbe wa seli moja anayeishi madimbwini. Sote tunazo jeni za kutengeneza telomerasi, yaani vipande vya vinasaba vyenye maelekezo yake. Ila katika seli nyingi za mtu mzima zimezimwa, na zimezimwa kwa sababu.

Sababu ni saratani. Seli ya saratani ni ile iliyosahau kusimama. Ili iendelee kujigawa bila ukomo lazima itatue tatizo la plau, na karibu saratani tisa katika kila kumi hulitatua kwa kuiwasha telomerasi upya. Mwaka 1951 daktari mmoja wa Marekani alichukua seli za uvimbe wa mama aitwaye Henrietta Lacks, bila ridhaa yake. Mama yule alifariki mwaka uleule. Seli zake zinajigawa hadi leo katika maabara za dunia nzima. Kwa hiyo seli isiyozeeka ipo kweli, tunayo kwenye chupa, na ndiyo iliyomuua mwenyewe.

Kile kidonge cha Kibaigwa kama kingekuwa na uwezo ulioandikwa kwenye kopo, ningeogopa zaidi.

Kuna jambo jingine wauza vidonge hawalisemi. Panya wa maabara ana telomea ndefu kuliko zetu mara kadhaa, na anaishi miaka miwili, mitatu akijitahidi. Na seli za moyo na za ubongo hazijigawi sana ukubwani, lakini moyo na ubongo vinazeeka. Ukanda wa plau ni sehemu ya hadithi. Mwaka 2013 kundi la wanasayansi liliorodhesha alama tisa za uzee ndani ya seli, na mwaka 2023 wakaziongeza zikawa kumi na mbili. Sitazipitia zote, mhariri atanifukuza. Nitachukua moja, kwa ajili ya goti.

Seli iliyoishiwa telomea, au iliyoumia vinasaba kiasi cha kutisha, ina njia mbili za kistaarabu: kufa kwa utaratibu, au kustaafu. Ikistaafu haijigawi tena, na hiyo ni kinga dhidi ya saratani. Shida ni kwamba mstaafu huyu haondoki ofisini. Dodoma mji wa watumishi tutaelewana hapa. Anabaki kwenye kiti chake, hafanyi kazi, ila anapiga kelele kutwa: anatoa kemikali zinazoita askari wa kinga ya mwili, zinalegeza nyuzi zinazoshika tishu, na zinawashawishi majirani nao wastaafu kabla ya wakati. Kijana ana wastaafu wachache, na kinga yake inawasindikiza nje. Miaka ikienda wanaongezeka na wasindikizaji wanachoka. Matokeo yake ni uvimbe wa chinichini, usio na kidonda wala homa, unaotafuna viungo na mishipa.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitengeneza panya ambao seli zao za namna hii zingeweza kuondolewa kwa dawa. Walipoziondoa, mtoto wa jicho na kuisha kwa misuli vilichelewa. Watu wengi, mimi nikiwemo nilipoisoma kwa mara ya kwanza, tuliona mlango umefunguka. Kisha mwaka 2020 dawa moja ya aina hiyo ikachomwa kwenye magoti ya watu wenye maumivu kama ya baba mdogo, ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa. Haikuishinda. Majaribio mengine yanaendelea. Ndivyo kazi hii ilivyo: panya anapona, binadamu anabaki na goti lake.

Turudi kwenye zabibu, maana hapa Dodoma suala hili lina wenyewe. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, barabarani zinauzwa kwa kilo, na kila mgeni wa semina akionja mvinyo mwekundu lazima mmoja atasema, "huu unazuia uzee". Msemo huu haukuzuka hewani. Kwenye ganda la zabibu nyekundu kuna kemikali iitwayo resveratroli. Mwaka 2003 maabara ya David Sinclair huko Marekani iliripoti kwamba kemikali hiyo ilirefusha maisha ya hamira hadi kwa asilimia 70. Mwaka 2006 ikaonekana kuwasaidia panya walionenepeshwa kwa mafuta. Magazeti yakakimbia na chupa. Mwaka 2008 kampuni ya dawa ya Uingereza, GlaxoSmithKline, ilinunua kampuni changa iliyotokana na utafiti huo kwa dola milioni 720.

Wengine waliporudia kazi ile ya hamira hawakuona kitu. Panya waliolishwa chakula cha kawaida hawakuongeza maisha. Mwaka 2013 ile kampuni iliyonunuliwa ikafungwa kama kitengo.

Ila hata tuseme ile ya panya wanene ni kweli tupu, piga hesabu. Walipewa takribani miligramu 22 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 angehitaji miligramu 1,320. Mvinyo mwekundu una miligramu chache tu kwa lita. Tuupendelee, tuseme tano. Hizo ni lita 264 kwa siku. Ni pipa zima na ndoo tatu juu yake. Wataalamu wa dawa watanisahihisha kwamba kipimo cha panya hakihamishwi kwa mtu kilo kwa kilo, kinapunguzwa karibu mara kumi na mbili. Sawa. Basi ni ndoo moja ya lita ishirini, kila siku. Ini lingeondoka kabla ya uzee kubisha hodi.

Zabibu kuleni, ni tunda zuri, na mkulima wa Hombolo anahitaji soko. Msile kwa ajili ya telomea.

Katika simu ile niliuliza swali moja la maana, karibu kwa bahati. "Baba mdogo, ulipoanza hivi vidonge, vile vya sukari bado unameza?" Kimya. Halafu: "Yule kijana alisema nisichanganye."

Kwenye droo yake kulikuwa na metformini ya kliniki, na hapa kuna kichekesho kichungu. Metformini, inayotibu kisukari tangu miaka ya 1950, ni miongoni mwa dawa ambazo watafiti wa uzee wanazichunguza kwa uzito. Mwaka 2014 takwimu za Uingereza zilionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wanaoitumia waliishi muda mrefu kidogo kuliko hata watu wasio na kisukari waliolinganishwa nao. Mwaka 2022 watafiti wakarudia hesabu kwa takwimu za Denmark, faida ikayeyuka. Kwa hiyo sisemi ni dawa ya uzee, na asiye na kisukari asiende kuinunua. Ninachosema ni kwamba baba mdogo aliacha dawa yenye kazi inayojulikana, inayolinda figo, macho na mishipa yake kwa kushusha sukari, akashika kopo lenye picha ya Mzungu anayekimbia ufukweni. Wiki iliyofuata sukari yake kliniki ilisoma namba ambayo hakutaka kunitajia.

Nami nafanya nini basi, kama siuzi kopo? Watu hucheka nikiwaambia mgonjwa wangu ni hamira. Ndiyo, ileile ya mama muuza mandazi wa pale getini, na ukoo huohuo ndio unaogeuza juisi ya zabibu kuwa mvinyo. Hamira ni kiumbe hai wa seli moja. Ukimwona mkavu kwenye pakiti, amelala. Nampendea kitu kimoja. Seli nyingi hujigawa katikati zikatoka mbili zisizojulikana nani mkubwa. Hamira huchipua. Uvimbe mdogo unatokea ubavuni mwa mama, unakua, kisha unakatika na kuwa binti, na pale ulipokatika panabaki kovu la duara. Wafugaji wa huku hutazama mapete kwenye pembe za ng'ombe wakajua amezaa mara ngapi. Ukimpaka hamira rangi inayong'aa, makovu yake unayahesabu namna hiyo.

Kwenye darubini nina sahani yenye chakula kilichoganda kama jeli, na sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. Nawapanga akina mama kwenye mstari, kila mmoja na namba yake. Inachukua kama saa moja na nusu hadi mbili binti akamilike. Akikatika namsukuma kando kwa ncha ya sindano, naweka alama kwenye daftari, nangoja mwingine. Njia hii ina umri mkubwa kuniliko, ilianza mwaka 1959, na bado inategemea mgongo wa mwanafunzi. Mama wa kawaida huzaa mabinti wapatao ishirini na tano, kisha anatulia. Ukimtazama anaonekana: amevimba, ngozi imekunjamana, na nafasi kati ya binti na binti imekuwa ndefu. Usiku sahani naiweka kwenye friji, nyuzi 4, uzazi unasimama hadi asubuhi.

Oktoba iliyopita umeme ulikatika Jumamosi jioni ukarudi Jumapili, na joto la Dodoma la mwezi huo mnalijua. Nilipofungua friji nikakuta kila mama amezungukwa na ukoo. Mama namba 14, aliyekuwa amefikisha mabinti 22, sikuweza kumtambua katikati ya watoto, wajukuu na vitukuu wake. Siku tano za kukaa kwenye kiti zikaenda. Nilifunga mlango, nikaenda kununua mandazi.

Kinachonirudisha kwenye kiti ni hiki. Mama mwenye makovu ishirini, aliyebakiza siku moja ya maisha, anazaa binti ambaye naye ana ishirini na tano mbele yake. Mabinti wa mwishomwisho huja na upungufu kidogo, lakini wengi wanaanza sifuri. Miili yao imetoka kwenye mwili mmoja, chakula kilekile, vinasaba vilevile. Mmoja kikongwe, mmoja mchanga. Imekuwaje?

Sehemu ya jibu ni usafi wa nyumba. Seli inapoishi inakusanya protini zilizojikunja vibaya, zikashikana mabonge kama uji uliokosa kukorogwa. Hamira anapochipua, kwenye shingo kati ya mama na binti kuna uzio wa protini, na mabonge mengi hayavuki. Mama anabaki na takataka zote, binti anaondoka na vyombo safi. Uzio huo hulegea lini, na kwa nini? Hilo ndilo swali langu la miaka minne, na sina haraka ya kulijibu hapa.

Bibi yangu, mzaa mama, aliuliza swali hilohilo bila darubini. Hana cheti cha kuzaliwa. Anachojua ni kwamba dada mkubwa wa mama yake alizaliwa kwenye Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na yeye anahesabu kuanzia hapo. Nilipomweleza kazi yangu alimwangalia mjukuu aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, akasema: "Mama ana miaka 38. Mtoto katoka humo. Mbona hakuzaliwa na miaka 38?"

Maprofesa wangekunja mikono. Mayai ya mwanamke hutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kwa hiyo yai lililomtoa mtoto yule lilikuwa na umri wa miaka 38 na zaidi. Na bado mtoto kaanza upya. Maana yake ni kwamba mwili unajua namna ya kurudisha saa nyuma. Unafanya hivyo kila mimba inapotunga.

Ili kuelewa saa gani, fikiria kwaya. Waimbaji wote wana kitabu kimoja cha nyimbo, lakini soprano amewekewa alama kwenye mistari yake na besi kwenye yake. Seli ya ini na ya ngozi zina vinasaba vilevile. Alama ndogo za kemia zilizobandikwa juu ya maandishi ndizo zinazosema kipi kisomwe na kipi kirukwe. Miaka ikienda alama zinahama: nyingine zinadondoka, nyingine zinabandikwa pasipohusika, na besi anaanza kuimba mistari ya soprano. Uhamaji huo una mpangilio. Mwaka 2013 Steve Horvath alichukua vituo 353 vya alama hizo akaonyesha kwamba ukivisoma unaweza kukadiria umri wa mtu kwa tofauti ya miaka michache. Bibi asiye na cheti anakibeba kwenye damu.

Mimba inapotunga, alama karibu zote zinafutwa na kuandikwa upya. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani aliweza kufanya ufutaji huo kwa mikono: aliwasha jeni nne ndani ya seli ya ngozi ya panya, nayo ikarudi kuwa kama seli ya kiinitete, tayari kuwa kitu chochote. Mwaka uliofuata akafanya kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Nobel pamoja na John Gurdon. Ukisikia siku hizi matajiri wa Marekani wanamwaga fedha kwenye kampuni za kurudisha ujana, nyingi zimejengwa juu ya jeni hizo nne.

Kikwazo mtakibashiri, kwa kuwa tumekwisha kukutana nacho. Seli iliyofutiwa alama zote imesahau kuwa ini. Panya waliowashiwa jeni hizo moja kwa moja waliota vivimbe vyenye mchanganyiko wa tishu za kila aina. Mwaka 2016 watafiti walijaribu kuziwasha kwa vipindi vifupi na kuzizima, kwa panya wenye ugonjwa wa kuzeeka haraka, na panya hao waliishi zaidi. Futa kidogo, usifute kazi ya seli. Kidogo kiasi gani, kwa nani, kwa seli ipi, hapo ndipo tulipo, na hakuna kopo linalouzwa Kibaigwa lililofika huko.

Baba mdogo alipiga tena juzi. Sukari imeshuka, amerudi kwenye dawa zake, goti bado. Kopo hakulitupa, mke wake amelijaza mbegu za bamia. Kabla ya kukata akauliza kwa heshima zote, "Na wagonjwa wako wa mandazi, hawajambo?"

Hawajambo. Mama namba 14 wa safari hii jana jioni alifikisha mabinti 19. Nimemwachia mlinzi wa usiku namba yangu, anipigie umeme ukikatika, hata ikiwa saa tisa.